HAKI ZA WAZEE WETU: NYUMBANI NA SERIKALINI



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake. Ama baad.

Wapenzi wanafunzi, pamoja nanyi wazazi mnaosomewa jarida hili na watoto wenu jioni, mada niliyopewa safari hii ni wazee. Nilipoitaja darasani wanafunzi wakubwa walijibu upesi kwamba hayo wanayajua, kwani wamehifadhi Surat Al-Israa, aya ya 23 na ya 24. Ni kweli, na wengine wanazisoma kwa tajwidi nzuri. Nikawauliza: Katiba ya nchi yetu inasema nini juu ya mtu aliyezeeka? Darasa likanyamaza. Nikauliza tena: je, mmewahi kuona bibi au babu akinyang'anywa shamba na watoto wake angali hai? Mikono kadhaa ikainuka. Basi nimeona nisirudie tu yale ya kuwatii wazazi, bali nieleze haki ya mzee kwa pande zote mbili, kwa kuwa mzee anayedhulumiwa nyumbani mara nyingi ni yule yule aliyesahauliwa na serikali.

MZEE NI NANI?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuwa ni mtu aliyefikia umri wa miaka 60 na kuendelea. Kwa hesabu hiyo hata waliozaliwa mwaka wa Uhuru, 1961, wameshaingia katika uzee. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu wa umri huo takriban milioni 2.5 Tanzania nzima, sawa na asilimia 5.6 ya watu wote.

Qur'ani nayo inatueleza, katika Surat Ar-Rum aya ya 54, kwamba mtu huanzia katika udhaifu, akapewa nguvu, kisha akarudishwa katika udhaifu na mvi. Mtoto anayemcheka babu kwa kutetemeka mkono na ajue kwamba yeye mwenyewe alilishwa uji kwa kijiko, na hakuna aliyemcheka.

Tatizo la kwanza la mzee wa kwetu ni dogo kwa kulitazama, lakini linamfungia milango mingi: hana karatasi ya kuthibitisha umri wake. Bibi wa Kilolo au wa Rungwe atakwambia alizaliwa kabla ya Uhuru, mahindi yakiwa yamekomaa. Hiyo ni tarehe kamili kwake, lakini si tarehe kwa karani wa dirishani.

BIBI ALIYEBAKI NA WAJUKUU

Mikoa yetu ina jambo lake ambalo huwezi kueleza hali ya wazee bila kulitaja. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa mwaka 2003/04 uliukuta mkoa wa Mbeya na asilimia 13.5 ya watu wazima wenye virusi, na Iringa asilimia 13.4. Utafiti wa mwaka 2007/08 uliikuta Iringa, wakati huo ikiwa bado pamoja na Njombe na Makete, na asilimia 15.7, wakati wastani wa taifa ulikuwa chini ya asilimia 6. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijawafikia wengi. Waliokufa walikuwa watu wa umri wa kulima, kujenga na kuwatunza wazazi wao.

Kwa hiyo mpango wa zamani ulipinduka. Mtoto alitakiwa amzike mzazi, badala yake mzazi alimzika mtoto, kisha akaletewa wajukuu watatu au wanne awalee upya akiwa na miaka 65 au 70. Baadhi ya wazazi wanaosoma ukurasa huu walilelewa hivyo. Bibi aliamka alfajiri kwenye baridi ya mwezi wa saba, baridi yetu hii ya Mufindi na Uporoto ambayo watu wa pwani hawaiamini, akawasha kuni, akawapeleka shule na madrasa, na hakuna aliyemlipa. Wajukuu hao leo ni vijana. Wapo waliokumbuka, na wapo waliopanda basi kwenda Dar es Salaam wakabadilisha namba ya simu.

Nipende kutaja mfano mmoja wa mbali kidogo, wa Muleba mkoani Kagera, kwani nako UKIMWI uliacha mabibi na wajukuu kama huku kwetu. Shirika liitwalo Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee maskini pesa kidogo kila mwezi, shilingi 6,000, na nyongeza kwa kila mjukuu wanayemlea. Mwaka 2008 ikatolewa tathmini ya kazi hiyo, na jina lake lilitokana na chumvi, sabuni na viatu vya shule. Ndivyo bibi anavyotumia pesa akizipata. Anayedhani kumpa mzee pesa ni kuzitupa na aangalie miguu ya wajukuu wake.

SERIKALI INADAIWA NINI?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu ili mtu apate msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Ni maneno mazuri. Lakini ibara ya 7 ya Katiba hiyo hiyo inasema kwamba mambo yaliyomo katika sehemu hiyo hayawezi kudaiwa mahakamani. Maana yake mzee ana haki iliyoandikwa, ila hana mlango wa kuidai.

Ile sera ya mwaka 2003 iliahidi huduma za afya, ulinzi na kutungwa kwa sheria ya wazee. Sera ni ahadi, sheria ndiyo inayofunga. Miaka 20 ilipita, na mwaka 2023 Tanzania Bara ilikuwa bado haina sheria hiyo. Sera yenyewe inasema familia ndiyo taasisi ya kwanza ya kumtunza mzee, na makazi ya serikali, kama yale ya Nunge Kigamboni na Fungafunga Morogoro, ni kwa yule asiye na mtu kabisa. Hilo Waislamu hatulipingi. Swali ni je, familia yenyewe imebaki na nini cha kumtunzia? Katika vijiji ambako UKIMWI ulichukua kizazi cha katikati, kumwambia bibi aitegemee familia ni kumwambia ajitegemee mwenyewe.

Pensheni nayo ni ya waliokuwa waajiriwa, yaani walimu, askari, makarani, wafanyakazi wa reli na viwanda. Mkulima hana. Sasa tujiulize mkulima wa huku alifanya nini alipokuwa na nguvu. Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ndiyo mikoa minne mikubwa iliyoilisha nchi mahindi. Katika miaka ya sabini na themanini magunia ya wazee wetu yaliuzwa kwa Shirika la Taifa la Usagishaji kwa bei iliyopangwa na serikali, yakapelekwa mijini. Chai ya Mufindi na Rungwe, pareto na kahawa vililetea taifa fedha za kigeni. Mikono iliyoyapanda na kuyachuma ndiyo hiyo inayotetemeka leo, na taifa halina daftari lenye majina yao.

Hapa ndipo panapofaa kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), kilichopokewa na Abu Yusuf katika Kitabul Kharaj. Umar alimkuta mzee kipofu akiomba mlangoni pa watu. Akauliza, akaambiwa ni Myahudi, na kwamba kilichomfikisha pale ni uzee, haja na kodi anayodaiwa. Umar akamshika mkono akampeleka nyumbani kwake, akampa alichokuwa nacho. Lakini hakuishia kwenye sadaka. Alimwagiza mtunza Baitul Mali amtazame mzee huyo na wenziwe wa hali yake, na akamwondolea ile kodi, kwani aliona si uadilifu dola kufaidi ujana wa mtu kisha kumwacha akizeeka. Angalieni mambo mawili: mzee yule hakuwa Muislamu, na Umar aliliona jambo lake kuwa ni deni la dola.

Je, inawezekana kwa nchi maskini? Zanzibar ilianza Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyefikia miaka 70, awe alikuwa mvuvi, mkulima au mama wa nyumbani, na fedha zote zinatoka serikalini. Mwaka 2020 ikapitisha na sheria ya mambo ya wazee. Kenya mwaka 2018 iliingiza wazee wote wa miaka 70 katika mpango wa Inua Jamii. Huku Bara, Wizara ya Kazi na shirika la HelpAge walichapisha mwaka 2010 utafiti juu ya pensheni ya wazee wote na kuonesha kwamba nchi inaweza kuimudu. Tulichonacho ni TASAF, ambayo tangu mwaka 2012 inazipa ruzuku kaya maskini sana, na wazee wengi wamo humo. Ni msaada, tunashukuru. Lakini mzee haingii kwa sababu ni mzee, anaingia kwa sababu kaya yake imeonekana maskini kuliko ya jirani. Kijana akirudi na kuezeka bati, huenda bibi akatolewa kwenye orodha hata kama bati hilo halijampa unga.

Upande wa matibabu, mzee wa miaka 60 asiye na uwezo anatakiwa atibiwe bure, na hospitali nyingi zimeweka dirisha la wazee. Kumwona daktari ni bure kweli. Kisha anaandikiwa dawa ya presha, anaambiwa dawa hiyo imeisha akanunue dukani. Mzee wa mtaani kwetu alikuwa anakunja ile karatasi na kuiweka kwenye kofia. Nilipomuuliza anaiweka ya nini alisema anasubiri mwezi utakaokuja na pesa. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na viongozi wetu wa mitaa wanapaswa kuulizwa mkutanoni wazee wa mtaa huu wameandikishwa wangapi.

DHULUMA ILIYO NDANI YA NYUMBA

Tusije tukaisema serikali tukajisahau. Umoja wa Mataifa ulikwishaitenga tarehe 1 Oktoba kuwa siku ya wazee duniani, na mwaka 2011 ukaona ipo haja ya kuongeza siku nyingine, tarehe 15 Juni, kwa ajili ya kuikumbusha dunia dhuluma wanazofanyiwa wazee. Dhuluma hizo kwa kawaida hazifanywi na mtu wa mbali.

Kumpiga mzee kila mtu anajua ni haramu. Zipo nyingine zinazopita kimya kimya. Kumnyima chakula kwa hoja kwamba atachafua kitanda. Kumfungia ndani mchana kutwa. Kumjibu kwa kuguna, na tumekatazwa hata mguno. Kuchukua simu yake, kujua namba yake ya siri na kutoa ruzuku ya TASAF kabla hajaiona. Kumshika dole gumba na kumgandamizia kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Na wapo mabibi wanaofanyiwa uchafu ambao sitaueleza hapa kwa kuwa wadogo wanasoma, ila wakubwa wanajua na wasiufiche.

Niongeze juu ya mashamba, maana hili ndilo linaloumiza wengi huku. Kijana anasema, "Hili ni fungu langu, baba amezeeka." Katika sheria ya Kiislamu hakuna mirathi ya mtu aliye hai. Mali ni ya mwenyewe mpaka pumzi ya mwisho, na mirathi hufunguliwa baada ya mazishi, madeni na wosia usiozidi theluthi. Mzee akitaka kumpa mtoto kitu katika uhai wake hiyo ni hiba, na hiba ni kwa ridhaa yake, si kwa kutishwa. Tena katika madhehebu yetu ya Shafi mzazi aliyempa mwanawe hiba anaweza kuirudisha maadamu kitu hicho kingali katika miliki ya mtoto. Kwa hiyo hata baba aliyekugawia ekari mbili hajapoteza sauti juu yake. Mjane naye asifukuzwe na shemeji. Fungu lake limetajwa katika Surat An-Nisaa, nalo ni thumuni kama mume ameacha watoto, na robo kama hakuacha.

Kisha kuna nafaka. Wengi wanadhani kumlisha mzazi ni hisani. Mzazi akiwa fukara na mtoto akiwa na ziada ya mahitaji yake na ya watu wa nyumba yake, nafaka ni wajibu juu yake, awe mwana wa kiume au wa kike. Babu na bibi wamo katika hukumu hiyo, hata ukiwa mjukuu. Ndiyo sababu huwezi kumpa mama yako zaka kwa fungu la mafukara. Huwezi kulipa deni lako kwa zaka yako.

Wengine huuliza, na huku Nyanda za Juu swali hili linakuja kila mwaka: mama yangu ni Mlutheri, au bibi ni Mmoraviani, je, haki hiyo ipo? Ipo. Surat Luqman aya ya 15 inatuamuru kukaa nao kwa wema duniani hata kama wanatushawishi kuacha tauhidi. Bibi Asmaa binti Abubakar (r.a.) alijiwa na mama yake aliyekuwa bado mshirikina, akamuuliza Mtume (s.a.w.), naye akamruhusu kumuunga. Basi kijana aliyesilimu asiitumie dini kuwa kisingizio cha kutopeleka unga Makete.

Na jambo la mwisho la nyumbani, ambalo huenda wanaume wasilipende. Wajibu wa kumtunza mama yako ni wako wewe, si wa mkeo. Mke akimwogesha mkwewe anafanya ihsani kubwa, na malipo yake yapo kwa Allah, lakini si haki umwachie kazi yote kisha ukamlaumu. Ugomvi mwingi wa mkwe na mkaza mwana, ambao mara nyingi humwangukia mzee, unaanza kwa mwana aliyekwepa.

MACHO MEKUNDU NA TUHUMA ZA UCHAWI

Ripoti ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu ya mwaka 2013 ilitaja watu 765 waliouawa mwaka huo kwa tuhuma za uchawi, 505 kati yao wakiwa wanawake. Kanda ya Ziwa ndiyo iliyosikika zaidi, ila Mbeya na majirani zake hatuko salama. Huku kusini magharibi na magharibi ya nchi hupita waaguzi wanaoitwa Lambalamba au Kamchape. Wanaalikwa kijijini, wanachangiwa pesa, wanaingia nyumba za watu na kutoka na pembe na vibuyu wanavyodai wamevikuta. Nyumba wanazozichagua mara nyingi ni za wazee wasio na mtu wa kuwatetea.

Macho ya bibi huwa mekundu kwa sababu amepika kwa kuni miaka 50 katika jiko lisilo na dirisha, kwa kuwa dirisha linaingiza baridi. Mtoto akifa kwa nimonia au malaria, hospitali iko mbali na bibi yuko karibu. Ndivyo tuhuma inavyozaliwa. Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu mwaka 1928, inamfanya mwenye kumtuhumu mwenzake uchawi nje ya vyombo vya sheria kuwa mkosaji. Na kwetu sisi kumzulia mtu ni buhutani, na anayemwendea mpiga ramli akamuuliza, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba swala zake za siku 40 hazikubaliwi. Nasema wazi kwamba wapo wanaovaa kanzu na kofia, wakabeba tasbihi, wakasoma nyota na kumtajia mgonjwa jina la shangazi yake. Kanzu haibadilishi ramli kuwa kisomo.

UFANYEJE?

Mwanafunzi, unaweza mengi kuliko unavyofikiri. Soma kwa sauti karatasi yoyote kabla bibi hajaitia dole. Mwandikie umri wake, ufuatane naye kwa mtendaji wa kata na ofisi ya vitambulisho vya taifa, maana akishapata karatasi ile dirisha la hospitali linafunguka. Siku ya malipo ya TASAF nenda naye, umhesabie, umkabidhi mkononi. Umsalimie shikamoo, na ukae hata dakika kumi. Mzee anayetembelewa kila siku ni vigumu kupigwa kimya kimya, kwa sababu mpigaji anajua kesho mtu atakuja.

Ukiona alama za kipigo, au mzee amefungiwa, usikae na siri hiyo. Mwambie mwalimu au mzazi. Mtu mzima aende kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au kituo cha polisi penye Dawati la Jinsia na Watoto, ambalo jina lake lisiwatishe wazee, kwani wanapokewa pia. Ugomvi wa shamba una Baraza la Kijiji na Baraza la Kata, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamruhusu asiye na uwezo kupata mtetezi bila malipo. Suala la mirathi na wosia lipelekwe kwa kadhi mapema, mzee angali na akili timamu, na wosia uandikwe mbele ya mashahidi waadilifu wasio warithi.

Mabaraza ya Wazee yameundwa katika mitaa na vijiji vingi. Waulizeni babu zenu kama la kwao hukutana, na lilikutana lini mara ya mwisho. Kwa upande wa msikiti, kamati ya zaka iwe na daftari la wazee wasio na watoto, wake kwa waume, na kabla ya baridi ya Juni ipite nyumba kwa nyumba kuona nani hana blanketi na nani dawa zake za presha zimekwisha. Wanafunzi wa darasa la juu wameombwa kuandika majina ya mtaa wao na kuyaleta kwa walimu kabla ya likizo.

Wabillahit tawfiq.